Kasha la Kompyuta kwa Hewa ya Chumvi

Hotuba kwa mafundi na vijana wanaojiundia kompyuta, Mombasa

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Bwana mwenyekiti, maalim zangu mlioketi mbele, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kusikiliza habari za mabati na feni: shukrani. Nimeambiwa nina muda mpaka adhana ya alasiri, kwa hivyo salamu ziishie hapo.

Neno langu la leo ni moja. Sisi tunaojiundia makasha ya kompyuta hapa Mombasa tunapigana na joto usiku na mchana, na huku unyevu na chumvi vinatumaliza polepole. Kasha linalofaa hapa ni lile linalobaki kavu, hata kama ndani lina joto kidogo. Anayetafuta baridi kupita kiasi, kwa hewa hii yetu, anajitafutia maji juu ya bodi. Nitaeleza kwa nini, lakini nianze na joto lenyewe, maana najua ndilo lililowaleta.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Mashine inayokula wati 400 inamwaga wati 400 za joto chumbani, kasha liwe la mvule au la boksi la sabuni. Kazi ya kasha ni kulipitishia njia joto hilo litoke kabla halijarundikana, na mchukuzi wake, kwa wengi wetu, ni hewa.

Hapo ndipo wengi hudanganyika na video za mtandaoni. Hitisinki, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa, na feni yake haziishushi prosesa hadi nyuzi fulani. Zinaiweka juu ya hewa inayoingia kwa tofauti karibu ile ile, chumba kiwe cha moto au cha baridi. Tuseme tofauti hiyo ni nyuzi 45. Jamaa wa London aliyepimia kwenye chumba cha nyuzi 20 atakuonyesha 65 kwenye kioo, na atakisifu kifaa chake mpaka ukope pesa ukinunue. Kilete kifaa hicho hicho Majengo mwezi wa Februari, chumba kina nyuzi 32, utasoma 77. Hakuna kilichoharibika. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa zifanye kazi hadi 95. Zikifika huko hujipunguzia kasi zenyewe. Ukiona 77 mchana wa Mombasa, endelea kunywa kahawa yako. Anayestahili kuhurumiwa ni kapasita. Kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wa kapasita ya elektroliti kwa nusu, na nyingi zimejificha ndani ya pawa saplai, mahali ambapo hakuna anayepima. Kwa hivyo nikiliona kasha ambalo pawa saplai yake inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na kadi ya picha, sihitaji kipimajoto. Igeuze itazame chini, ipe tundu lake yenyewe na chujio lake, na miguu ya kasha iwe mirefu, sentimita 3 au zaidi.

Sasa, hewa kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya hewa ya huku ina uzito wa kilo 1.15 hivi, na kila kilo huchukua kama kilojuli moja kwa kila uzi mmoja wa joto. Ukitaka hewa iingie na nyuzi 32 na itoke na 42, wati 400 zinakudai mita za ujazo kama 125 kila saa. Feni ya kawaida ya milimita 120 huandikiwa 80 hadi 100 kwenye boksi lake, lakini hizo ni namba za feni inayozunguka bila kitu mbele yake. Ifunge nyuma ya chujio na wavu, na ushukuru ukipata nusu. Ndiyo maana kwa mashine ya kiasi hicho nataka feni tatu za kuingiza na mbili za kutoa. Ya ofisini, inayokula wati 60, inatosheka na moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Na ziwe kubwa zinazokwenda polepole: ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya ile ya milimita 80, na feni ukiipunguzia mwendo kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu lakini umeme inaokula hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kelele nazo hupungua, na mama mwenye nyumba atakupenda.

Lakini feni tano hazikusaidii kitu kama umeziba mlango. Tazameni lile kasha jeusi pale pembeni, lenye matundu mazuri ya duara mbele. Kila tundu lina milimita 5, na kati kwa kati yameachana milimita 10, yamepangwa kwa pembetatu. Fanyeni hesabu ya eneo: kilicho wazi ni asilimia 23 tu, na robo tatu ya uso ule ni ukuta. Matundu hayo hayo yangesogezwa karibu yakaachana milimita 6, asilimia 63 ingekuwa wazi. Kwa bati hilo linawezekana, kwa drili na subira. Kwa mbao haliwezekani, kwa sababu kati ya tundu na tundu inabaki milimita moja, nayo hukatika kabla hujamaliza safu. Anayefanyia kazi mbao asitoboe matundu. Akate vipande vyembamba kufuata nyuzi za mti avipange kwa nafasi, kama tunavyoyaona madirisha ya zamani kule Mji wa Kale, yanayoingiza upepo bila kumwonyesha mpita njia aliye ndani.

Na kwa kuwa nimeutaja Mji wa Kale, nimalizane na jambo moja linaloniudhi. Kila nikizungumzia makasha, hutokea mtu akasema wazee wetu hawakuwa na feni, walikuwa na kuta nene za matumbawe, dari za juu na vichochoro vyenye kivuli, basi na tuunde kasha linalopumua lenyewe kwa hewa moto kupanda. Ni wazo zuri kwa nyumba ya ghorofa mbili. Kwa kasha lenye kimo cha sentimita 40, hewa ya ndani ikiwa na nyuzi 10 zaidi ya nje, msukumo wa hewa moto kupanda, kwa kipimo cha paskali, ni kama 0.15. Feni ya kawaida ya milimita 120 husukuma paskali 10 na zaidi bila kutoka jasho. Hewa moto hupanda, sikatai, lakini feni ikishawaka haiulizi juu ni wapi. Iweke ile ya kutoa mahali joto linapozaliwa, hata kama ni ubavuni. Mashine ya wati 10 isiyo na feni kabisa, hiyo ndiyo ya kuijengea bomba la kupumulia.

Ukitaka kujua hewa yako inakwenda wapi, zima pangaboi, funga dirisha, washa udi. Njiti moja inatosha. Isogeze polepole kuzunguka matundu yote kasha likiwa limefungwa na mashine inafanya kazi. Moshi unapaswa kuvutwa mbele na kutemwa nyuma. Mara nyingi utauona unatoka nyuma, unapinda, unaingia tena ubavuni, na hapo unajua hewa ile ile ya moto inazunguka mle ndani kama makanga aliyekosa abiria. Ziba tundu la ubavuni. Mfuko mzima wa vipimajoto hauwezi kukufundisha kama njiti ile, na nyumba inanukia.

Mbao. Wengi wenu mmeniuliza kama mbao hushika joto zikaunguza bodi. Kweli, mbao kavu hupitisha joto kwa uvivu, mara elfu moja chini ya alumini na zaidi. Lakini hata katika kasha la bati, sehemu kubwa ya joto huondoka na hewa, si kupitia ukutani. Zipe mbao hewa ya kutosha na tofauti utakayoipima ni nyuzi chache. Tatizo la mbao hapa kwetu ni masika. Mti hufura kukata nyuzi zake, wala haufuri kufuata urefu, na ukiwa umegundisha ubao mpana pande zote nne, ama utapinda ama utapasuka. Acheni nafasi, tumieni ulimi na mfereji kama maseremala wa milango wanavyofanya. Mvule hutulia zaidi kuliko mti mwingi mwingine, na mafundi wa majahazi hawakuupenda bure. Ila ndani yake mara nyingine mna vijiwe vigumu vya chokaa vitakavyokula msumeno wako, kwa hivyo usiazime msumeno wa mtu. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, sitausemea sana. Ukae bara.

Mbao pia hazizuii mawimbi ya redio yanayotoka kwenye bodi. Bati la chuma huyazuia. Redio ya jirani ikianza kukoroma kila ukiwasha mashine, weka wavu wa alumini upande wa ndani, mbali na bodi, uuunganishe na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Na ethi iwepo kweli. Nyumba nyingi za kupanga mjini zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halikwenda popote. Mwite fundi wa stima apime kabla hujafunga mashine ya chuma utakayoigusa kwa mikono ya jasho. Jambo jingine lisilo na mzaha: pawa saplai haifunguliwi ili ihamishiwe kwenye kasha la umbo jingine. Kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mambo mengine yote ya leo mnaweza kubishana nami, isipokuwa hilo.

Sasa tufike kwa adui mwenyewe.

Chukueni hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70, hewa ya kawaida kabisa ya hapa. Kitu chochote kikipoa chini ya nyuzi 25 ndani ya hewa hiyo, kitatoka jasho. Mnaliona kila siku kwenye chupa ya soda. Kati ya joto la chumba na maji kuchuruzika pana nyuzi 6 tu. Jamaa wa kule kwenye baridi na ukavu ana nafasi kubwa ya kuchezea, sisi hatuna. Ndiyo maana vile vibamba vya Peltier mnavyoviagiza, vinavyopoa upande mmoja na kuchemka wa pili vikipitishiwa umeme, TEC1-12706 na ndugu zake, huwa nasema viacheni kwenye majokofu ya soda ya garini. Kibamba hicho cha volti 12 hunywa hadi ampea 6, yaani karibu wati 70, na upande wake wa moto unakudai uondoe joto la prosesa pamoja na hizo 70. Umeongeza moto ndani ya nyumba ili upate upande mmoja wa baridi, na upande huo wa baridi unadondosha maji kwenye soketi ya prosesa. Wapo wanaoifunga sehemu yote kwa sponji na mafuta ya silikoni ili hewa isifike, na wakifanya vizuri hufaulu kwa muda. Siku sponji ikiachia pembe moja, maji hayaombi ruhusa.

Njia ya mtungi nayo, ya kupoza kwa maji yanayokauka. Vijana wawili wamenionyesha mchoro wa mnara wa maji, feni juu, maji yanadondoka na kuzunguka hadi kwenye prosesa. Umechorwa vizuri, na ungekuwa wa Lodwar ningewapa pesa za kununua pampu: hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza kuyateremsha maji hadi karibu 22. Hapa, kwa hewa ile ya 31 na asilimia 70, maji hayashuki chini ya 26 na nusu. Mnapata nyuzi 4, na mnalipa kwa kuongeza mvuke ndani ya chumba ambacho tayari kimelowa.

Kupoza kwa maji yaliyofungwa kwenye mipira ni jambo jingine, sina ugomvi nalo. Maji hubeba joto mara 4 ya hewa kwa kilo, ila mwisho wake huyatua kwenye hewa ile ile ya chumba kupitia rejeta, kwa hivyo hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Faida yake ni kimya na nafasi. Masharti ni mawili. Usichanganye shaba na alumini katika mzunguko mmoja, italiwa alumini. Na maji yawe yaliyokenekwa: ya kisima, kwa jinsi visima vingi vya mjini vilivyo na chumvi, ni sumu. Kuzamisha bodi kwenye mafuta ya madini kunawezekana pia, na kuzamisha si jambo jipya. Kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa yote ndani ya Fluorinert, umajimaji usiopitisha umeme. Mafuta hupanda na nyaya yakafika mezani, hulainisha mipira, na siku ya kubadilisha kadi utajuta. Tupite.

Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila fundi wa pwani angepaswa kuijua. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 75, chumvi hukaa chembe kavu. Ukivuka hapo, chumvi huvuta maji kutoka hewani mpaka iyeyuke yenyewe, iwe tone la maji ya bahari. Mabaya zaidi, maji hayo hupitisha umeme. Upepo wa kusi unapovuma, chembe hizo huingia kila nyumba kuanzia Likoni hadi Nyali, na alfajiri unyevu wetu huvuka 80 bila shida. Basi mashine iliyozimwa usiku kucha, yenye vumbi la chumvi kwenye bodi, alfajiri imepakwa maji ya bahari bila kupelekwa pwani. Ule ukijani mnaouona kwenye shaba na unga mweupe kwenye mapezi ya alumini unatokana na hayo.

Na hapa ndipo joto linapogeuka rafiki. Chukua hewa ya alfajiri, nyuzi 28, unyevu asilimia 85. Iingize kwenye kasha ipande hadi nyuzi 38. Maji yaliyomo hayajapungua hata tone, lakini unyevu wake, kwa kipimo cha asilimia, umeshuka hadi chini ya 50. Chumvi ile ile imerudi kuwa chembe kavu isiyo na madhara. Mashine inayofanya kazi, yenye nyuzi 10 juu ya chumba, inajikausha yenyewe. Ukizirusha feni zote kwa kasi ya mwisho ili upunguze nyuzi 5 za kujivunia mbele ya wenzako, unaupunguza ukavu huo, na kila mita ya ujazo ya ziada unayoivuta imekuja na chumvi yake. Mimi huzipanga feni zikae chini mpaka prosesa ipite nyuzi 60, ndipo zipande.

Kuna mradi mmoja mkubwa unaoonyesha ukavu una thamani gani. Microsoft ilizamisha chombo chenye seva 864 baharini karibu na visiwa vya Orkney, Scotland, mwaka 2018, ikakitoa mwaka 2020. Ndani waliondoa hewa ya kawaida, wakaweka naitrojeni kavu. Seva zilizokufa mle zilikuwa sehemu moja ya nane ya zile za nchi kavu. Walio wepesi husema bahari ilizipoza. Wenyewe waliitaja naitrojeni, kwamba haina oksijeni ya kutia kutu wala unyevu, pamoja na kutokuwepo watu wa kuzigusagusa. Msiende kuzamisha kitu Kilindini kabla hamjalielewa hilo.

Sisi naitrojeni hatuna, lakini tuna hila ndogo ndogo. Feni za kuingiza zishinde za kutoa, ili hewa ipite kwenye chujio badala ya kupenya kila ufa. Chujio la stokingi kuukuu linafanya kazi, la sponji nyembamba linafanya zaidi. Lioshwe kwa maji matamu, na likauke kabisa kabla ya kurudi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 ukizipata, maana 304 karibu na bahari huanza kutoa madoa ya kahawia. Bati la zinki ulilokata, ukingo upakwe rangi. Mashine isiyotumika isiachwe wiki nyingi imezimwa. Iwashwe angaa saa moja, au ifunikwe pamoja na vipakiti vya silika. Na wale wa ofisi zenye eyakondishina iliyowekwa 18: kompyuta iliyozimwa mle ndani usiku, asubuhi stima ikapotea na madirisha yakafunguliwa, bati lake liko chini ya nyuzi 25 na hewa ya nje inaingia. Mnajua kinachotokea. Iacheni ifikie joto la chumba ndipo muiwashe.

Taa za rangi sina maoni nazo. Hazipozi wala hazichemshi.

Hapo mezani kuna makasha, bisibisi, vipimajoto na njiti za udi. Lile la plaiwudi lina feni moja niliyoigeuza nyuma mbele makusudi, na tundu moja lisilotakiwa. Anzeni na hilo, na maswali niulizeni mikono ikiwa ndani.